Mstari Mwekundu wa Ijumaa

Jumatatu, 11 Machi

Mvua imeanza, na masjala yetu imeanza kuvuja. Ndoo mbili, sufuria moja na kile kikopo cha rangi vimerudi sakafuni kama kila mwaka. Mwaka huu nimeamua kuandika. Daftari hili ni la mapokezi, lilitupwa likiwa na kurasa nyingi tupu, nikaliokota. Kila ukurasa una safu tatu: tarehe, mleta hati, aina ya hati. Naandika juu ya safu zote. Mume wangu ameniuliza naandika nini, nikamwambia naandika maovu yake. Akasema basi nitafute daftari kubwa zaidi.

Kwa atakayelisoma siku moja: mimi ni karani wa masjala ya Mahakama Kuu, huu mwaka wa kumi na mbili. Napokea hati dirishani, nazigonga muhuri, nazitia kwenye majalada. Muhuri ndio wenye tarehe. Sisi tarehe hatuandiki kwa mkono, tumekatazwa tangu siku ya kwanza kazini, na hati isiyogongwa muhuri kwetu haijafika, hata kama iko mezani mbele ya macho yako.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Mapingamizi sita yameletwa leo, na saa sita mchana haijafika. Mawakili hawa ukiwasalimia watapinga salamu.

Ijumaa, 15 Machi

Mama Muhuri amefunga wiki saa nane juu ya alama. Huyu ndiye mkuu wetu wa masjala. Jina tumempa sisi, analijua, na nadhani analipenda. Kila Ijumaa saa nane mchana huchukua kalamu nyekundu, hupiga mstari chini ya hati ya mwisho daftarini, huufungia muhuri kwenye droo na kuanza kuandaa taarifa ya wiki. Kinachokuja baada ya mstari kinatiwa kwenye kikapu na kugongwa Jumatatu. Tangazo la ukutani linasema dirisha liko wazi mpaka saa tisa na nusu, na kweli liko wazi. Muhuri tu ndio umefungiwa. Mawakili wote wanajua, wanawahi asubuhi.

Saa tisa na dakika kumi amekuja mzee mmoja fundi cherehani, amelowa chapachapa, tope mpaka magotini. Gari la gereza limekwama kwa sababu daraja limefurika na magari hayavuki, kwa hiyo ofisa wa gereza amempa hati ya rufaa ya mwanawe ailete mwenyewe. Ameizungushia kitambaa mara tatu. Yeye anatiririka maji, karatasi kavu kabisa. Akaniuliza, "Imefika, mwanangu?" Nikamwambia, "Imefika, mzee. Nenda kabadilishe nguo." Nikaitia kikapuni. Nimerudi nyumbani viatu mkononi.

Jumatatu, 18 Machi

Kikapu kilikuwa na hati kumi na tisa. Nimezigonga zote kabla ya chai.

Jumatano, 27 Machi

Yule fundi amekuja kuuliza rufaa itasikilizwa lini. Hii mara ya tatu. Tumeshampa jina: Bwana Lini. Nikamwambia jalada liko kwa Jaji, asubiri. Hakuondoka. Aliona mshono wa bega langu umeachia, akachomoa sindano kwenye ukosi wake, akanishonea nikiwa nimeinama dirishani na foleni nzima inatutazama. Mtoto wake ni huyo huyo mmoja, ana miaka ishirini na minne. Amefungwa miaka thelathini kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Shahidi aliyemtambua ni mmoja tu, na alimwona usiku.

"Alifanya?" nikamuuliza. Sijui kwa nini nilimuuliza, sisi huwa hatuulizi.

"Wewe ungekuwa mama yake ungeniuliza hivyo?" akasema, akakata uzi kwa meno.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua usiku kucha. Jalada la mirathi limelowa, nimelianika juu ya kiti.

Jumatatu, 8 Aprili

Wakili wa Serikali alikuja mwenyewe dirishani, yule dada mwembamba wa miwani ambaye sijawahi kumpenda kwa sababu hasemi habari za asubuhi. Ameleta pingamizi la awali kwenye rufaa ya mtoto wa fundi. Nililigonga muhuri kama ninavyogonga yote, kisha nikalisoma, jambo ambalo huwa silifanyi. Pingamizi la awali ni mlango unaofungwa kabla hujaingia. Mtu hasemi kwamba wewe ni mwongo, wala kwamba hoja zako ni dhaifu. Anasema usisikilizwe kabisa. Hili lilikuwa la mistari minne: rufaa imeletwa nje ya siku thelathini, kwa hiyo iondolewe mahakamani.

Nikavuta jalada. Hukumu ilisomwa tarehe kumi na nne Februari. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu kwenye kalenda ya ukutani, nikarudi kwenye vidole kwa kuwa kalenda ilinipa jibu nisilolitaka. Siku ya thelathini ni Ijumaa, tarehe kumi na tano Machi. Muhuri wangu, kwa mkono wangu, unasema tarehe kumi na nane.

Nilikaa na lile jalada mapajani mpaka mwenzangu akaniuliza kama naumwa. Nikasema tumbo.

Jumanne, 9 Aprili

Nimemfuata Mama Muhuri wakati wa chai, nikafunga mlango.

"Mama, kuna hati ya rufaa ilifika Ijumaa, tukaigonga Jumatatu. Sasa Serikali wanasema imechelewa."

"Ina muhuri wa lini?"

"Wa Jumatatu."

"Basi ilifika Jumatatu."

"Mama, niliipokea mimi. Mzee alisimama pale dirishani, saa tisa na dakika kumi."

Alikoroga chai yake ingawa haina sukari, amekatazwa na daktari. "Mwanangu, kikapu hiki nimekikuta. Niliyempokea kazi alikikuta. Unajua ni hati ngapi tumezigonga Jumatatu miaka yote hiyo? Ukiifungua hii moja, umezifungua zote. Kila aliyewahi kuambiwa kachelewa atakuja hapa kudai Ijumaa yake."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nimerudi mezani kwangu nikiwa nalifikiria hilo tu. Miaka kumi na miwili, Ijumaa hamsini kwa mwaka. Nilidhani namletea mama huyu kosa moja, kumbe nimemletea mlima.

Niandike na haki yake. Uchungu uliponishika kazini, mimba ya pili, huyu ndiye aliyenishika mkono tukashuka ngazi zile zote, akaacha muhuri mezani bila kufunga droo. Haijawahi kutokea kabla wala baada. Kama nina mama kazini, ndiye yeye.

Ijumaa, 12 Aprili

Saa nane, mstari. Baada ya mstari zimekuja hati tatu. Nikamwomba muhuri, akasema, "Jumatatu si mbali." Nikazitia kikapuni. Naandika hivyo hivyo ilivyokuwa: nikazitia.

Jumanne, 16 Aprili

Fundi amekuja na nakala ya pingamizi aliyopelekewa. Ameikunja vizuri, ameisoma, hakuielewa. Akaniomba nimweleze. Nikamweleza polepole, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuinama dirishani, mpaka uso wake ukawa karibu na wangu.

"Lakini si nilikuletea wewe?"

Nikavuta daftari la mapokezi karibu yangu.

"Ile Ijumaa ya mvua. Wewe si uliniambia imefika?"

Nyuma yangu Mama Muhuri alikuwa anapanga majalada. Niliacha kusikia sauti ya majalada. Nikamwambia fundi kuna foleni, aende kwa mawakili wa msaada wa sheria, mlango wa tatu ng'ambo ya barabara, watamsaidia. Akasema ahsante. Angenitukana ningejua pa kuiweka siku ya leo. Nimejionea haya mpaka sasa.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimemweleza mume wangu. Anafanya kazi kwenye dirisha la dawa hospitalini, kwa hiyo nyumba hii ina watu wawili wanaoishi kwa kupokea karatasi dirishani. Alisikiliza mpaka mwisho huku akimenya viazi.

"Ukila kiapo kwamba masjala inagonga tarehe zisizo za kweli, nani atabaki kazini, wewe au huyo mama?"

"Yeye."

"Basi umeshajua."

"Ndiyo unaniambia ninyamaze?"

"Mama Watoto, mimi nimekuambia utakachokiona. Cha kufanya sijakuambia, na usinisingizie kesho."

Tumenuniana mpaka chakula kikaiva. Alipoweka sahani mezani akasema kijana ana miaka ishirini na minne, jumlisha thelathini. Sikuhitaji kujumlishiwa.

Jumatatu, 22 Aprili

Wakili wa msaada amekuja, kijana mrefu, mkoba wake umeshonwa kamba ya kiatu. Hakuja na maneno mengi. Alisimama mbele ya dirisha akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Samahanini, nani alikuwa dirishani Ijumaa ya tarehe kumi na tano Machi, mchana?"

Mama Muhuri alijibu kabla yetu. "Hatuweki kumbukumbu ya nani kakaa dirishani, wakili. Tunaweka kumbukumbu ya hati."

"Naelewa, mama. Nauliza tu kama kuna anayekumbuka."

Maji yalikuwa yanadondoka kwenye sufuria. Wenzangu wawili waligundua ghafla kwamba wana kazi nyingi mno. Nikasikia mtu anasema, "Mimi," na mtu huyo alikuwa mimi.

Mama Muhuri hakugeuka. Aliendelea kupanga majalada yale yale aliyokwisha kuyapanga.

Jumatano, 24 Aprili

Amenisalimia kwa jina langu kamili. Tangu nianze kazi hapa ananiita mwanangu.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimekula kiapo. Wakili alitaka kuniandikia, nikakataa, nikapiga chapa mwenyewe, aya tisa, hakuna neno nililotia chumvi. Kwamba nilikuwa dirishani. Kwamba mzee alifika saa tisa na dakika kumi na dirisha lilikuwa wazi. Kwamba muhuri ulikuwa umefungiwa. Kwamba huo ndio utaratibu wetu wa kila Ijumaa. Aya hiyo niliiandika mara nne, mara tatu nikaifuta.

Kwa kamishna wa viapo foleni ilifika kwenye ngazi, watu wanatoa mvuke kwa kulowa. Wakili alipitia karatasi mara moja akiwa amesimama, akanirudishia. Zamu yangu ilipofika kamishna akaniuliza kama yaliyomo ni kweli. Nikasema ni kweli tupu. Akasaini, akagonga muhuri wake, akaita, "Anayefuata!" Jambo ambalo limeninyima usingizi wiki tatu lilichukua muda wa kufunga kamba za viatu.

Nikakimbia nayo masjala, saa tano asubuhi, mstari bado. Dirishani nimemkuta Mama Muhuri mwenyewe. Aliisoma yote akiwa amesimama, aya kwa aya. Alipofika kwenye ile ya saba, ya utaratibu wetu wa Ijumaa, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akagonga muhuri, akaandika daftarini, akanipa nakala yangu.

"Imefika," akasema.

Jumanne, 30 Aprili

Hakuna anayekunywa chai nami. Nimegundua chai ya peke yako hupoa haraka.

Ijumaa, 3 Mei

Saa nane, mstari. Baada ya mstari hakuna aliyekuja. Nilikaa nikitazama mlango mpaka saa tisa na nusu nikimwomba Mungu asije mtu.

Jumatano, 8 Mei

Leo ndiyo leo. Nitaandika yote, hata yanayoniumiza, vinginevyo nimepoteza wino tangu Machi.

Tulikaa benchi la nyuma, mimi na fundi. Amevaa koti alilolishona mwenyewe, jeusi, linamkaa vizuri kuliko makoti ya mawakili wote. Mwanawe hakuletwa, daraja tena. Mvua ilikuwa inapiga paa kiasi kwamba Jaji aliwaomba mawakili wapaze sauti. Nilikuwa na furaha, niseme ukweli. Nilijiona shujaa. Nilikuwa nimejiandalia hata uso wa kuvaa Jaji atakaponitazama.

Wakili wa msaada akaanza vizuri: rufaa ililetwa ndani ya muda, kosa ni la masjala, na kipo kiapo cha karani mwenyewe aliyeipokea. Jaji akafungua jalada akaitafuta hati yangu.

Wakili wa Serikali akasimama. "Mheshimiwa Jaji, kabla mwenzangu hajaendelea, nina pingamizi kuhusu hicho kiapo."

"Endelea."

"Mheshimiwa, naomba tuangalie ukurasa wa mwisho. Panaposema kwamba kiapo kimeapwa mbele ya kamishna leo tarehe, mbele ya neno tarehe hakuna kitu. Kiapo hiki hakina siku kilipoapwa."

Kurasa zikafunuliwa mezani kwa Jaji, mezani kwa mawakili, na mapajani mwangu. Palikuwa patupu. Nafasi ndogo nyeupe, imepimwa vizuri kabisa, upana wa muhuri.

Niliiacha mimi. Nilipofika pale mashine ilisonga mbele yenyewe, kwa kuwa mkono huu miaka kumi na miwili umefundishwa kwamba tarehe haiandikwi, tarehe inagongwa. Kamishna akadhani nimeshaijaza. Wakili akadhani kamishna ataijaza. Mama Muhuri aliisoma aya kwa aya, na sitajua kamwe kama aliona. Muhuri wa masjala uko juu kwenye kona, tarehe ishirini na sita, mwekundu, unasomeka na kipofu. Lakini huo ni wa siku ya kupokelewa. Wa kuapa haupo.

Wakili wa msaada alijitahidi. Alisema ni kosa dogo, la mkono, karani yuko hapa hapa, aitwe aulizwe. Wakili wa Serikali akapinga. Wakili wa msaada akaomba basi aruhusiwe kuleta kiapo kingine kesho asubuhi. Yule dada akapinga tena: pingamizi likishawekwa mezani, huruhusiwi kuziba tundu lililopingwa. Na ndivyo sheria ilivyo, nimezigonga muhuri hukumu chungu nzima zinazosema hivyo hivyo.

"Wanasemaje?" fundi akaninong'oneza.

"Wanasema kiapo changu kina kasoro."

"Umesema uongo?"

"Hapana, mzee. Nimesahau tarehe."

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasubiri nimalizie sentensi, na sentensi ilikuwa imekwisha.

Jaji akasema kiapo kisicho na tarehe si kiapo mbele ya sheria. Kinaondolewa kwenye jalada. Uamuzi wa pingamizi la muda, tarehe ishirini na mbili. Mlinzi akaita watu wasimame.

Nje koridoni Wakili wa Serikali alinifuata. Nilitaka kumpita, akanizuia kwa kunisalimia. Kumbe salamu anazijua.

"Dada, kiapo chako nilikisoma nyumbani mara mbili. Nilikuamini kila neno."

"Sasa?"

"Sasa nini? Ningekaa kimya, kesho mkuu wangu angeniuliza kwa nini sikuona kitu ambacho mtoto wa shule angekiona. Ningemjibuje, kwamba nilimwonea huruma mtu?"

Sauti ile nilikuwa naijua. Ilikuwa yangu mwenyewe, nikimwambia fundi kuna foleni. Miaka yote nilidhani mwanamke yule ana roho ya jiwe, na leo nimeona ni mtu wa dirishani tu kama mimi.

Alhamisi, 9 Mei

Sikwenda kazini.

Jumatatu, 13 Mei

Barua ya uhamisho. Kuanzia leo niko ghala la majalada yaliyofungwa, chumba cha chini kisicho na dirisha hata moja. Aliyesaini ni Mama Muhuri. Aliniletea mwenyewe, hakumtuma mtu. Alisimama mbele ya meza yangu kidogo, akasema, "Chini kuna unyevu, uvae sweta," akaondoka. Nilitaka kumchukia na nikashindwa kukamilisha.

Ijumaa, 17 Mei

Ghalani saa nane haina maana yoyote. Juu najua wamepiga mstari.

Jumatano, 22 Mei

Uamuzi ulikuwa wa kurasa mbili. Jaji alisoma bila kuinua kichwa. Mahakama inafungwa na kumbukumbu zake. Muhuri wa mapokezi unaonyesha tarehe kumi na nane Machi, na hakuna ushahidi halali unaosema vinginevyo. Pingamizi linakubaliwa. Kwa kuwa rufaa imeletwa nje ya muda, mahakama haina sababu ya kuingia katika hoja za mrufani. Rufaa inaondolewa.

Hoja zilikuwa saba. Kurasa tatu za mwandiko wa mkono. Hakuna aliyezigusa.

Wakili wa msaada alitueleza ngazini kwamba mlango mmoja umebaki: kuomba kuongezewa muda. Ataandika maombi, atahitaji kiapo changu tena, na safari hii tarehe ataiandika yeye mwenyewe kwa mkono wake. Nikamuuliza inachukua muda gani. Akasema kwa foleni ilivyo, mwaka, mwaka na nusu, na hapo Serikali wasipoweka pingamizi. Alipotaja hilo neno alitabasamu kidogo kwa uchovu, kisha akamwona fundi akaacha.

Fundi alisubiri wakili aondoke. Nilijua atanilaumu, nilikuwa tayari, nilikuwa nazisubiri lawama zake kwa hamu kabisa. Badala yake akasema, "Mwanangu, nina shida moja."

"Niambie, mzee."

"Kijana hataki kuniona. Wiki ya tatu sasa naenda, anagoma kutoka. Amepata habari za pingamizi huko ndani. Anasema karatasi alinipa Ijumaa, kama imefika Jumatatu basi nilipitia kazini kwangu kwanza. Anasema nilikwenda kumaliza kazi za wateja." Alivuta pumzi. "Nimemwapia, hakuniamini. Mimi kiapo changu nani atakisikiliza? Wewe una kazi ya serikali. Nenda ukamwambie."

Kwa mwezi na nusu nilidhani nimemnyang'anya mzee huyu rufaa tu.

Ijumaa, 24 Mei

Jalada limeshuka kwangu kufungwa. Nimelipa namba ya rafu. Kabla ya kulifunga kamba nilikaa sakafuni nikazisoma zile kurasa tatu. Sitaziandika hapa. Nitakwenda kesho.

Jumamosi, 25 Mei

Mvua imekatika siku tatu sasa, daraja linapitika. Fundi alibaki nje ya geti kwenye benchi la wageni, kofia magotini. Mimi nikaingia kama shangazi wa mfungwa. Askari wa zamu alisema dakika kumi, akaonyesha saa ya ukutani ili nisije nikasema sikuambiwa.

Kijana ana uso wa baba yake, umekonda tu. Alikaa upande wa pili wa wavu akiwa amekunja mikono.

"Sikujui," akasema.

"Hunijui. Mimi ndiye karani niliyepokea hati yako."

Nikamweleza yote bila kujitetea. Ijumaa. Saa tisa na dakika kumi. Tope mpaka magotini, karatasi kavu. Nikamwambia baba yake hakupitia popote, alitembea kwa miguu kutoka darajani mpaka dirishani kwangu. Mimi ndiye niliyemwambia imefika na kuitia kikapuni, na mimi ndiye niliyesahau tarehe kwenye kiapo. Nilisema nisamehe. Neno lilitoka dogo kuliko nilivyolipanga.

Alikunjua mikono. Alipozungumza sauti ilikuwa imebadilika.

"Baba yuko wapi?"

"Nje, getini."

"Mwambie wiki ijayo nitatoka." Akajifuta uso kwa bega kama anajifuta jasho. Kisha akauliza, "Zile hoja zangu. Jaji alisema nini?"

"Hakuzisoma."

"Hata moja?"

"Hata moja. Hakufika huko."

Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Unajua mimi, tangu wanikamate, watu wananiuliza tarehe. Tarehe ya kukamatwa, tarehe ya hukumu, tarehe ya kuandika rufaa. Mahakamani kule chini nilianza kueleza, hakimu akaniambia nijibu ndiyo au hapana. Nikasema huku juu watanisikiliza."

Nikaangalia saa. Zilibaki dakika tatu. Mimi si jaji, siwezi kumfungulia mtu hata komeo, lakini upande ule wangu wa wavu hapakuwa na mwingine.

"Nieleze mimi," nikasema. "Usiku ule ulikuwa wapi?"

Alinipima kwa macho, kama inafaa kuyapoteza maneno au la. Kisha akasogeza kiti karibu na wavu na kuanza. Ilikuwa Alhamisi. Umeme ulikatika saa moja jioni. Alikuwa peke yake nyumbani, baba yake amekwenda kupeleka sare. Aliwasha mshumaa, akakaa kwenye cherehani, anajaribu kushona zipu ya begi lake la kazi, na zipu ikawa inaruka, inaruka, akaanza upya—

Askari akagonga wavu kwa rungu. "Muda umekwisha."

Kijana akafunga mdomo katikati ya neno, akasimama, akaweka mikono nyuma. Hakupinga.